Tumbaku Isiwe Mzigo wa Mnyonge

Kila ifikapo tarehe 31 Mei, dunia huadhimisha Siku ya Kutotumia Tumbaku. Hapa kwetu Visiwani siku hiyo haipiti kimya. Hutolewa hotuba, hutundikwa vitambaa vyenye maandishi, na magazeti, likiwemo hili, huandika habari zake. Hayo ni mema, na hatuna nia ya kuyabeza. Lakini hatuna budi kuuliza suali moja ambalo halijaulizwa vya kutosha: ni nani anayezisikia hotuba hizo? Aliyekaa ukumbini siku ile, kwa sehemu kubwa, ni mtumishi wa ofisini ambaye ama hakupata kuvuta kamwe, ama alikwisha acha. Yule ambaye tumbaku inamla kwa hakika hayumo ukumbini, wala hakualikwa. Yeye ni mvuvi aliyeko dikoni Nungwi au Kojani, ni hamali wa bandarini Mkoani, ni mkwezi wa minazi, ni mama anayelima mwani Jambiani.

Rai yetu leo ni hii. Vita dhidi ya tumbaku vimekuwa vikipiganwa zaidi kwa ajili ya wale ambao haja yao ni ndogo, na vimemsahau mnyonge ambaye haja yake ni kubwa. Mambo yakibaki hivyo, maradhi ya tumbaku yatapungua kwa mwenye elimu na mwenye nafasi, na yatabaki kwa maskini kana kwamba ni urithi wake. Hilo si jambo la afya peke yake. Ni jambo la haki.

Tunamjua mzee mmoja, mvuvi tangu ujana wake, ambaye jina lake na kijiji chake tunavisitiri kwa kumheshimu. Mzee huyo alipata kidonda ndani ya shavu. Kwa miezi kadhaa alikuwa akisukutua kwa maji ya chumvi, akikipaka mafuta ya karafuu, na akienda zake baharini. Kilipozidi alikwenda kutafuta matibabu. Kijana aliyempokea alimwuliza: "Mzee wangu, unavuta sigara?" Akajibu: "Sivuti, mwanangu. Tangu nizaliwe sigara haijagusa mdomo wangu." Na alisema kweli. Ikaandikwa kwamba havuti, akapewa dawa ya kusukutua, akarudi kwao. Hakuulizwa suali la pili. Lau angeliulizwa, angelitoa mfukoni kijaluba chake cha tambuu, na ndani yake tumbaku aliyokuwa akiiweka kwenye shavu lile lile, usiku na mchana, kwa muda wa miaka 40. Ilipokuja kujulikana kidonda kile ni kitu gani, ilikuwa ni siku ya kuvuka bahari kwenda Dar es Salaam, na wakati ulikuwa umekwisha pita. Mzee wetu hayupo tena.

Hatuyasemi haya ili kumlaumu kijana yule. Yeye aliuliza kama alivyofundishwa kuuliza. Mabango yote aliyoyaona yana picha ya sigara, na somo lote alilolisikia ni la moshi. Lakini mwili haubagui. Tumbaku ikivutwa, ikitafunwa, ikiwekwa chini ya ufizi au ikinuswa kama ugoro, ni tumbaku ile ile, na sumu yake ya nikotini humfunga mtu kwa kamba ile ile. Wataalamu wa saratani duniani wamekwisha thibitisha kwamba tumbaku isiyo na moshi huleta saratani ya kinywa, ya umio na ya kongosho. Na mwaka 2004 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliiweka popoo yenyewe, hata ikitafunwa bila ya tumbaku, katika orodha ya vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Basi mtu anayesema "mimi sivuti, natia tumbaku tu" hajaukimbia moto. Ameusogeza kutoka kifuani na kuuweka shavuni.

Ukubwa wa msiba huu unajulikana. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa tumbaku huua zaidi ya watu milioni 7 kila mwaka, na katika hao zaidi ya milioni 1 ni watu ambao hawakuvuta wao, bali walivuta hewa iliyochafuliwa na wengine. Kiasi cha watumiaji 80 katika kila 100 wanaishi katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati, yaani nchi kama zetu. Uchunguzi wa watu wazima uliofanywa Tanzania mwaka 2018 ulionyesha kwamba takriban wanaume 15 katika kila 100 walikuwa wakitumia tumbaku, na wanawake takriban 3 katika kila 100.

Aliyeketi mjini akizisoma tarakimu hizo aweza kusema kwamba kwetu tatizo ni dogo. Hapo ndipo penye kosa. Wastani ni kitu kinachoficha. Ukichukua ofisi nzima isiyo na mvutaji hata mmoja, ukaichanganya na dau la wavuvi ambalo karibu kila mmoja wao ana pakiti au kijaluba, utapata wastani mzuri wa kuandikwa katika taarifa. Lakini wastani huo hautamponya hata mtu mmoja ndani ya lile dau. Kiongozi anayetaka kujua ukweli na ateremke dikoni alfajiri, wakati vyombo vinaporudi, ahesabu kwa macho yake.

Tena isidhaniwe kuwa tofauti hii kati ya mwenye nafasi na asiye nayo ni jambo la kwetu peke yetu. Mwaka 1950 wataalamu wawili wa Uingereza, Richard Doll na Austin Bradford Hill, walichapisha uchunguzi ulioonyesha kwamba uvutaji wa sigara unafungamana na saratani ya mapafu. Kuanzia mwaka 1951 waliwafuatilia madaktari wa nchi hiyo, wengi wao wakiwa wavutaji kama ilivyokuwa desturi ya zama zile. Kitu gani kilitokea? Madaktari wenyewe, waliokuwa wa kwanza kuusoma na kuufahamu ushahidi, ndio waliotangulia kuacha. Baada yao wakafuata watu wengine wenye elimu. Mfanyakazi wa kiwandani na wa bandarini alibaki nyuma na sigara yake, na hata leo Muingereza afanyaye kazi za mikono huvuta kwa kiwango kinachozidi maradufu kile cha meneja au mtaalamu. Maarifa yalikuwapo kwa wote, lakini hayakuwafikia wote kwa njia moja, wala hayakumkuta kila mtu katika hali ya kuweza kuyatumia.

Na mahala pengine tofauti hiyo haikujitokeza yenyewe, bali ilitengenezwa kwa makusudi. Huko Marekani makampuni ya sigara, kwa miongo mingi, yalizielekeza sigara zenye ladha ya mentholi kwenye mitaa ya Wamarekani Weusi, kwa matangazo, kwa bei nafuu na kwa kuzigawa bure. Leo sehemu kubwa kabisa ya Wamarekani Weusi wanaovuta huvuta sigara za namna hiyo, ambazo ubaridi wake huufanya moshi uteremke kooni kwa wepesi na kuzidisha ugumu wa kuacha. Tunalitaja hilo kwa sababu mfanyabiashara wa tumbaku anapoona mwenye elimu anamkimbia, hafungi duka lake. Humtafuta mwingine ambaye bado hajaambiwa.

Turudi kwetu. Yafaa kwanza tufahamu kwa nini mnyonge hutumia tumbaku, maana asiyeijua sababu hawezi kuitoa dawa. Mvuvi huvuta usiku kwa sababu ya baridi, usingizi na njaa. Hamali huvuta kati ya mzigo na mzigo, kwani ndiyo mapumziko pekee ambayo tajiri hawezi kumkatia. Mama wa mwani, aliyesimama katika maji ya chumvi tangu bamvua lilipotoka, hutia tumbaku shavuni ili asahau mgongo wake. Na wazee wetu wameipokea pamoja na tambuu, popoo na chokaa, ambavyo ni vitu vya heshima na ukarimu, vinavyotolewa harusini na kuwekwa mbele ya mgeni. Sisi tuliosoma chuo tunakumbuka kijaluba cha maalim wetu kilivyokuwa kando ya msahafu, na hapana aliyetuambia wakati ule kwamba ndani ya kijaluba kile mlikuwa na hatari. Maalim mwenyewe hakujua. Kwa hiyo mtu anayesimama leo na kuwaita watu hawa wajinga anawatusi wazazi wake.

Sasa tuzitazame njia tulizozitegemea kumwonya mnyonge huyu. Njia ya kwanza ni onyo lililochapishwa kwenye pakiti ya sigara. Lakini maskini hanunui pakiti. Hununua sigara moja, au mbili, kwa muuzaji wa genge au wa bandarini, naye huiwasha papo hapo kwa kiberiti cha muuzaji. Pakiti yenye onyo hubaki mezani, inatazamwa na anayeuza. Na kwa kawaida anayenunua moja moja huilipia kila sigara zaidi kuliko anayenunua pakiti nzima, hata maskini akawa amenyimwa onyo na akatozwa ziada juu yake. Njia hiyo hiyo ndiyo inayompitisha mtoto wa skuli, kwani mtoto hana fedha ya pakiti, lakini ya sigara moja hawezi kuikosa.

Ama tumbaku ya kutafuna, mambo yake ni mabaya zaidi. Iko inayoletwa kutoka ng'ambo katika vipakiti vidogo vya kung'ara, vyenye maandishi ambayo mnunuzi haelewi hata lugha yake. Na iko inayopimwa kwa vidole na kufungwa katika kipande cha gazeti. Hiyo haina onyo, haina kipimo, haina jina la aliyeitengeneza, na hapana ajuaye imechanganywa na nini. Tumemwekea mvutaji wa mjini maandishi ya kumtahadharisha, na mtafunaji wa shamba tumemwachia karatasi ya gazeti.

Njia ya pili tuliyoitegemea ni mwanamke kufundishwa kliniki anapokuwa mja mzito. Hapo napo pana pengo. Mwanamke wetu mara nyingi haulizwi habari za tumbaku kwa sababu ya haya, yake na ya anayemhudumia. Huchukuliwa tu kwamba mwanamke wa Kizanzibari havuti. Huenda ni kweli kwamba havuti, lakini je, hatii tumbaku? Ni jambo lililothibitika kwamba tumbaku wakati wa uja uzito, hata ikiwa ya kutafuna, humdhuru mtoto tumboni, ikasababisha azaliwe na uzito mdogo au azaliwe hali amekwisha kufa. Na hata mama asiyetumia chochote, akiwa analala chumba kimoja na mume anayevuta, yeye na watoto wake wanavuta pamoja naye.

Zaidi ya hayo, tumbaku moja haiunguzi watu wawili kwa kiasi kimoja. Mtumishi wa mjini akikohoa wiki mbili, humwona daktari. Mvuvi akikohoa miezi sita, husema ni upepo wa kaskazi. Maskini anaishi karibu zaidi na kifua kikuu, na uvutaji humzidishia hatari ya kukipata. Mke wake anapika kwa kuni, na moshi wa jikoni unaongezwa juu ya moshi wa sigara. Lishe yake ni haba, na mwili wenye lishe haba haupigani vyema na maradhi. Kisha, ikiwa ni saratani, kwa miaka mingi mgonjwa wa Visiwani anayehitaji tiba ya mionzi amekuwa akivuka bahari kwenda katika Taasisi ya Saratani ya Ocean Road. Hata pale tiba inapotolewa bila ya malipo, nauli ya boti ni ya kulipa, pa kulala ni pa kutafuta, mtu wa kumfuata lazima awepo, na siku zote hizo dau limekaa mchangani. Mwenye mshahara huugua mwili. Mvuvi huugua mwili, na nyumba yake nzima ikaugua pamoja naye. Wahenga hawakukosea waliposema kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Wako watakaosema: mtu mzima ana hiari yake, na aliyejitia mwenyewe na ajitoe mwenyewe. Tunawajibu kwamba hiari ya kweli huhitaji mambo mawili, kujua na kuweza. Aliyeanza akiwa na umri wa miaka 15 hakujua, na aliyekwisha kufungwa na nikotini hawezi kwa nia peke yake. Dini yetu imehesabu kuihifadhi nafsi miongoni mwa makusudio makubwa ya sheria, na kumsaidia mwenye kutaka kujinusuru ni bora kuliko kumhukumu. Tutazame mwezi wa Ramadhani. Mvutaji wa sigara 20 hukaa tangu alfajiri hadi magharibi bila ya kugusa hata moja, na huo ni ushahidi kwamba nia anayo. Lakini adhana ikilia, wengine huitafuta sigara kabla ya kumaliza tende ya kufuturia, na huo ni ushahidi kwamba nia peke yake haitoshi. Lau katika mwezi wa Shaabani vituo vyetu vya afya na maimamu wetu wangeshirikiana kuwaandaa watu, Ramadhani ingelikuwa mlango mpana wa kutokea.

Na faida ya kutoka haichelewi. Wataalamu wanaeleza kwamba mtu akiacha sigara kwa mwaka 1, hatari yake ya maradhi ya moyo hushuka hadi kiasi cha nusu ya ile ya anayeendelea kuvuta. Akifikisha miaka 10, hatari ya kufa kwa saratani ya mapafu nayo hupungua kwa kiasi cha nusu. Mzee wa miaka 60 hajachelewa. Aambiwe hivyo, na aambiwe na mtu anayemheshimu.

Tunafanya nini basi? Nchi yetu si ngeni katika jambo hili. Mkataba wa Shirika la Afya Duniani wa Udhibiti wa Tumbaku ulipitishwa mwaka 2003, ukaanza kutumika mwaka 2005, na Tanzania ikaingia mwaka 2007. Mkataba huo haukutaja matangazo na maonyo peke yake. Ibara yake ya 14 inazitaka serikali ziwasaidie watumiaji kuacha. Na kwa kuwa afya si jambo la Muungano, dhamana ya kuitekeleza ibara hiyo hapa Visiwani iko mikononi mwetu wenyewe. Hatuna wa kumsingizia.

Kwanza, kila kituo cha afya, Unguja na Pemba, kimwulize kila mgonjwa masuali mawili badala ya moja: unavuta? na unatia tumbaku au ugoro? Kisha anayejibu ndiyo apewe nasaha. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani iliyotolewa mwaka 2024 inataka mhudumu ampe kila mtumiaji nasaha fupi isiyozidi dakika 3, na inawataja pia watumiaji wa tumbaku isiyo na moshi. Dakika 3 si mzigo kwa mhudumu. Na anayetia tumbaku afunguliwe kinywa na kutazamwa, kwa maana kidonda au doa jeupe lisilopona kwa wiki 2 si jambo la kusukutuliwa kwa chumvi.

Pili, dawa za kumsaidia anayeacha zifike shamba. Dawa zenye nikotini kidogo za kutuliza hamu ziliingizwa mwaka 2009 katika orodha ya dunia ya dawa muhimu, na nyingine mbili, bupropioni na vareniklini, ziliongezwa mwaka 2021. Dawa inayopatikana tu kwa mwenye fedha za duka la dawa la mjini haipunguzi tofauti tunayoizungumza. Huizidisha.

Tatu, tuwatumie watu tulio nao. Wahudumu wa kujitolea wa mpango wa Jamii ni Afya wanaingia majumbani na kuzungumza na mama wajawazito na wenye watoto wachanga. Waongezewe somo la tumbaku, na masheha wawasaidie kuwafikia wanaume dikoni na bandarini, kwa saa za wavuvi na si kwa saa za ofisi. Tusiseme haiwezekani. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya, kule Tanzania Bara, iliwakusanya watu wazima wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza redio na kujadiliana, na wakatoka hapo wakachimba vyoo. Na hapa Visiwani, chandarua na upigaji dawa wa nyumba kwa nyumba viliishusha malaria hadi chini ya mtu 1 katika kila 100. Kazi hizo zilifanikiwa kwa sababu ziliufuata mlango wa mnyonge badala ya kumngojea ukumbini.

Nne, uuzaji wa sigara moja moja ukomeshwe, na tumbaku ya kutafuna iwekwe chini ya masharti yale yale ya sigara: onyo kwa Kiswahili, katazo la kuwauzia watoto, na kipimo kinachojulikana. Tunajua kwamba muuzaji wa genge naye ni mnyonge anayetafuta riziki. Kwa hiyo mkazo uanzie kwa wenye maghala na waingizaji, ambao faida yao ni kubwa, na mwenye genge apewe muda wa kubadilisha bidhaa. Isiwe tunamkamata mwenye meza na kumwamkia mwenye kontena.

Tano, ni habari ya kodi. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kodi zifikie angalau asilimia 75 ya bei ya rejareja, na uzoefu wa nchi zenye kipato kama chetu ni kwamba bei ikipanda kwa asilimia 10, matumizi hushuka kwa kiasi cha asilimia 5. Wako wanaolalamika kwamba kodi hiyo humwumiza maskini. Neno hilo lina ukweli, na halifai kupuuzwa. Maskini ndiye anayeacha kwa wingi zaidi bei inapopanda, na kwa hiyo ndiye anayepata faida kubwa ya uhai. Lakini yule asiyeweza kuacha atazidi kukamuliwa. Kwa sababu hiyo kodi bila ya msaada ni dhuluma nusu. Fedha inayotoka katika tumbaku na irudi kwa waliokamuliwa, kwa njia ya dawa, nasaha na nauli ya mgonjwa. Ushuru wa forodha na ushuru wa bidhaa zinazotengenezwa nchini ni miongoni mwa mambo ya Muungano, hivyo Serikali zetu mbili hazina budi kuketi pamoja, na wakati huo huo kuyafunga mapito ya magendo katika pwani yetu yenye bandari bubu nyingi.

Mwisho, liko la kwetu sisi tuliopewa dhamana. Kiongozi anayevuta katika mkutano wa tawi hawezi kumfundisha mvuvi. Ofisi isiyokataza moshi ndani ya kuta zake haina uso wa kwenda kukataza dikoni. Na msaada wowote unaotolewa na mwenye biashara ya tumbaku, uwe wa mashua, wa madawati ya skuli au wa jezi za mpira, utazamwe kwa jicho kali, kwani ibara ya 5 ya mkataba ule ule inatutaka tuzilinde sera za afya na maslahi ya biashara hiyo. Madawati hayo mzazi wa mtoto amekwisha kuyalipia kwa pafu lake.

Baada ya Mapinduzi ya 1964 nchi hii ilitangaza kwamba matibabu ni haki ya kila mwananchi bila ya kuangalia mfuko wake. Maana ya tangazo lile haikuwa kujenga majengo tu. Maana yake ilikuwa kwamba maradhi yasimchague maskini. Leo tumbaku inamchagua, na sisi tunaangalia.

Hatuna shaka kwamba gazeti hili, likishasomwa mjini, kurasa zake nyingine zitafika shamba zikiwa karatasi za kufungia vitu dukani, na huenda ukurasa huu wenyewe ukafungiwa tumbaku ya thamani ndogo na kutiwa mfukoni mwa mtu ambaye hakuwahi kuambiwa. Ikiwa ndivyo, naye akaukunjua na kuusoma, tunamwomba ndugu yetu huyo akitazame kinywa chake, na aende kituo cha afya kilicho karibu naye akaseme bila ya kuona haya: mimi natia tumbaku, nataka kuacha. Na tunaiomba Serikali ihakikishe kwamba siku atakayofika pale, atamkuta mtu wa kumjibu.